Watoto Mdomoni mwa Sato

Mama Pacha alikuwa akipara samaki mwaloni, pale mitumbwi inapofikia. Siku hizo kazi iliisha mapema. Samaki walikuwa wachache, na wadogo kama kiganja.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa akikunja kokoro, wavu mrefu wa kuburuta wenye matundu madogo. Asubuhi hiyo alikuwa ameliburuta kwenye matete, pembeni mwa ziwa.

"Mke wangu," alisema, "hapa hakuna maisha tena. Wiki ijayo nahamia ziwa la mbali. Nikipata, nitawatumia."

"Na usipopata?"

Baba Pacha aliendelea kukunja kokoro lake. Mama Pacha aliogopa. Pacha wao walikuwa na miaka minne tu, na mtumbwi ndio uliokuwa shamba lao.

Alimshika sato aliyekuwa bado hai, akamwinua kwa mkia. Mara vitu vidogo vikamwagika kutoka mdomoni mwake. Vilikuwa na macho! Vilikuwa vikirukaruka!

"Mama yangu weee!" Mama Pacha alitupa kisu.

Mumewe alicheka. "Umeshtuka nini? Sato ni mlafi, hula hata watoto wake. Sisi huwakung'uta tu mtumbwini."

Afisa uvuvi, ambaye wote walimwita Bibi Samaki, alikuwa akipima samaki meza ya pili. Alikuja mbio na beseni la maji.

"Mama Pacha, mtie humu pamoja na hao wadogo. Nyamazeni, mtazame."

Sato alitulia. Vitoto vilimzunguka kichwani. Bibi Samaki akapitisha mkono juu ya maji. Sato akafungua mdomo, vitoto vikaingia mbio, na mdomo ukafungwa.

Watu waliokuwa wamekusanyika walipigwa na butwaa.

"Hawali, shemeji. Anawaficha. Huyu, pamoja na udogo wake, ni mama. Hutunza mayai mdomoni, kisha watoto, mpaka wajiweze. Siku zote hizo yeye mwenyewe hashibi."

Baba Pacha alikaa chini mchangani. "Kwa hiyo wale ninaowakung'uta kila siku..."

"Ndio samaki wako wa mwakani."

"Mungu nisamehe! Nimejichimbia kaburi, tena huku nacheka!"

"Si wewe peke yako. Matete ndiyo wodi yao ya wazazi, msivue humo. Kokoro limekatazwa, liacheni. Tumieni nyavu za matundu makubwa, ili mdogo apite, akue, azae kwanza."

"Na leo tule nini?" mvuvi mmoja alifoka. "Watoto wangu hawasubiri mwakani!"

"Una haki ya kuuliza. Lakini samaki wangapi wanawaozea hapa juani? Jengeni tanuri la kukaushia kwa moshi. Kichache kisichooza ni bora kuliko kingi cha kutupa."

Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Hata hivyo, kesho yake Baba Pacha alilipeleka kokoro ofisi ya uvuvi mwenyewe, akaahirisha safari. Wavuvi waliunda kikundi, wakaweka maboya kuzunguka matete ili mtu asivue humo, na kina mama wakajenga tanuri la moshi. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu, tusidanganyane. Samaki wa tanuri la kina mama ndio waliowavusha.

Mwaka ulipogeuka, Baba Pacha alimbwaga samaki mmoja mezani. Meza ikatikisika. Mama Pacha akarudi nyuma.

"Huyu samaki gani?"

"Sato."

"Acha utani, Baba Pacha!"

"Haki ya Mungu, sato."

Mama Pacha aliolewa hapo akitoka kusiko na ziwa. Alikuwa amepara sato kwa miaka sita. Kumbe hakuwahi kuona hata mmoja aliyekua akafikia ukubwa wake.