Kijipira Kilichobaki Mezani

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia gereji ya shangazi yake. Alibadili sare nyuma ya pazia, akavaa gauni kuukuu lenye madoa ya oili, akafagia sakafu, kisha akapanga skrubu makoponi kwa ukubwa wake. Jina la Chiriku alipewa na shangazi huyo, fundi umeme wa magari, kwa sababu mtoto hakujua kunyamaza.

"Shikamoo shangazi. Leo ni zamu ya gari la babu? Betri imejaa? Nishike taa?"

"Marahaba. Mdomo wako ungekuwa injini, tungekuwa tumeshavuka mpaka. Lete bisibisi."

Gari la babu lilikuwa limekaa chini ya turubai tangu mwenyewe afariki. Babu naye alikuwa fundi, na ndiye aliyemfundisha shangazi kazi. Chiriku alilikumbuka gari lile kwa jambo moja kuliko mengine yote. Jioni, babu alipofika langoni, alibonyeza swichi, na vioo vya pembeni vikajikunja na kujikunjua kama tembo anayepunga masikio. Watoto wa jirani walikuja mbio kutazama. "Linawasalimu," babu aliwaambia, "itikieni basi!" Nao waliitikia kwa kelele hadi bibi akatoka jikoni kuuliza kama kuna moto.

Sasa bibi alitaka kwenda kumwona dada yake, safari ya siku nzima, na mvua zilikuwa zimeanza. Shangazi ndiye angeendesha. Injini iliwaka bila matata, lakini kioo cha kushoto kilikuwa kimekufa. Ukibonyeza swichi, hakikujikunja wala hakikugeuka.

"Bila kioo hicho sioni gari lililo ubavuni mwangu," shangazi alisema. "Kwanza tufungue cha kulia, kile kizima, tuone kinavyotakiwa kuwa."

Ndani ya kasha la kioo cha kulia, nyaya tano nyembamba ziliingia katika plagi ndogo nyeusi. Ubavuni mwa plagi palikuwa na doa la rangi nyeupe. Shangazi alilifuta vumbi polepole kwa kidole gumba.

"Hili ni la babu yako. Kila fundi wa gereji hii ana rangi yake, yangu nyekundu. Ukishaunga, na moyo wako umeridhika, unatia doa. Siku kikiharibika, atakayefungua atajua wa kumuuliza."

Aliichomoa plagi. Pini zake ziling'aa kama zimetoka dukani, ingawa masika mengi yalikuwa yamepita juu yake.

Kioo cha kushoto kilikuwa kimeguswa na fundi mwingine, kilipoharibika babu akiwa safarini. Yeye aliunganisha nyaya kwa kuzisokota, akazifunga utepe mweusi, basi. Shangazi alipoubandua utepe, unga wa kijani ulimwagika mkononi mwake.

"Maji yameila shaba," alisema.

"Mbona ya babu haikuliwa?"

Shangazi alimwonyesha kijipira kidogo chenye tundu katikati. "Kila waya huvalishwa chake kabla ya kubanwa pini. Kijipira huziba pale waya unapoingia kwenye plagi. Maji hayangoji mlango, Chiriku. Yakipata ufa tu, hupanda na waya kama mafuta ya taa kwenye utambi. Umeelewa? Haya, kioo cha kushoto utaunga wewe, plagi mpya hii hapa. Ukimaliza, chagua rangi yako."

Chiriku hakuhitaji muda wa kuchagua. Alikuwa ameshaitaka njano siku nyingi.

Shangazi alikwenda barabarani kutazama lori lililozimika taa. Chiriku akamenya ncha za nyaya, akabana pini kwa koleo, moja baada ya nyingine, huku akijiimbia. Alipobana ya mwisho, akaona mezani kijipira kimoja kimebaki.

Akazitazama nyaya. Ule wa kahawia haukuwa na kitu. Pini ilikuwa imeshabanwa, na kijipira hakikuweza kupita juu yake. Ilimbidi akate waya na kuanza upya. Je, shangazi akirudi amkute anakata? Atasema mtoto huyu hajui kazi.

Chiriku alichukua wembe, akakipasua kijipira upande mmoja, akakizungusha kwenye waya na kukisukuma ndani. Ufa haukuonekana. Akafunga plagi, akabonyeza swichi. Kioo kikajikunja, kikajikunjua.

Bibi, aliyekuwa akipita na ndoo tupu, alisimama palepale. "Mke mwenzangu!" alisema. "Umemrudisha mume wetu nyumbani!" Akaketi juu ya tairi, akafuta macho kwa ncha ya leso.

Shangazi aliporudi alilimwagia kasha maji kama mvua, kisha akabonyeza swichi. Kioo kilitii.

"Vizuri. Tia doa."

Chiriku alichovya brashi kwenye rangi ya njano, lakini mkono haukusogea. Tone la rangi likadondoka sakafuni.

"Ulimi umeenda wapi leo?" shangazi aliuliza.

"Shangazi... kijipira kimoja nimekipasua."

"Cha waya upi?"

"Wa kahawia. Nilisahau kukivalisha. Niliogopa utasema sijui kazi."

Bibi aliingilia kati. "Si kinafanya kazi? Mwache mtoto."

"Kinafanya kazi leo, mama," shangazi alijibu, akaifungua plagi. Matundu manne yalikuwa makavu. Katika tundu la tano, kando ya pini, tone dogo la maji lilimeta. "Wiki ijayo lingekuwa unga wa kijani, nasi tuko njiani, mvua inapiga, lori liko ubavuni."

Chiriku aliinama kulitazama tone.

"Kata," shangazi alisema, bila ukali. "Waya una urefu wa kutosha. Anza upya."

"Hata shangazi yako alikuwa akivisahau," bibi alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote. "Baba yake akimwambia kata, analia. Hapo hapo ulipokaa."

"Mama! Sikulia."

"Ulilia hadi ukapata kwikwi."

Chiriku alicheka. Akakata, akakausha plagi kwa kitambaa, akavalisha kijipira kipya kwanza, kisha akabana pini. Wakaifunga plagi, wakaimwagia maji tena. Walipofungua, matundu yote matano yalikuwa makavu.

"Sikiliza," shangazi alisema. "Hakuna fundi asiyesahau, na aliyesahau hukata akaanza upya. Lakini aliyeficha amemwachia mwenzake hatari asiyoijua. Mwenye gari haoni ndani ya kasha hili. Anapanda akituamini. Sasa tia doa lako."

Chiriku alilitia, dogo na la duara, akalipuliza likauke.

"Shangazi, na kama hakuna atakayefungua hapa tena, nani ataliona?"

"Hakuna," shangazi alisema, akimpa kifuniko cha kasha. "Hiyo ndiyo kazi nzuri. Funga."