Breki ya Soli kwenye Kona ya Mashine

Naapa kwa lori la kahawa nililoliendesha mpaka nikastaafu: kila neno nitakalowaambia hapa ni kweli tupu. Anayebisha aende Nkwenda akaulize sokoni. Mimi Nolasco niliyaona haya kwa macho yangu yote mawili, hata lile la kushoto ambalo huwahi kusinzia.

Avelina, binti wa jirani yangu, alikuwa darasa la saba. Kila Jumamosi asubuhi alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamsaidia mama yake, Deodatha, kufunga mikungu mitatu ya ndizi kwenye baiskeli: mmoja kila upande na wa tatu juu ya karia. Hapo safari ya sokoni ikaanza. Mlimani alisukuma. Mteremkoni alipanda, akaachia.

Baiskeli ile haikuwa na breki. Mipira yake ilikwisha zamani, na kama wabeba ndizi wengi wa huku, Avelina alisimama kwa kukandamiza soli ya kandambili kwenye tairi la nyuma. Uzito wa ndizi ulilishindilia tairi chini, na soli ikafanya kazi yake. Kandambili zake zililika upande mmoja hadi akawa anatembea kama bata. Na moshi uliotoka pale, nawaambieni, uliwahi kukausha kahawa ya shamba zima.

Basi zikatangazwa mbio za baiskeli za wanafunzi. Hazikuwa mbio za masafa marefu. Zilikuwa za kuzunguka soko la Nkwenda, mizunguko kumi, zenye kona kali kila upande. Mshindi angepata nafasi moja iliyobaki katika timu ya kwenda kushindana Bukoba. Avelina hakuwahi kuliona ziwa la huko, na tangu siku ile hakuzungumza jambo lingine.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Winston, mtoto wa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Muleba. Huyo alikuwa na baiskeli ya gia. Alimwuliza Avelina kama siku ya mbio atakuja na mikungu yake. Avelina akamjibu kwamba ataiacha nyumbani, ili Winston asije akalalamika kwamba amepitwa na ndizi.

Siku ilipofika, Mwalimu Rweyemamu, msimamizi wa mbio, alisema hatakiwi mtu bila kofia ngumu wala baiskeli bila breki. Kofia Avelina aliazima kwa dereva wa bodaboda. Breki je? Mwalimu aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akamwambia abane. Avelina akabana mkono wa breki kwa nguvu, na papo hapo akalizuia tairi kwa goti, kimyakimya. Gurudumu likasimama. Mwalimu akatikisa kichwa kuridhika, akaenda kwa mwingine.

Mbio zikaanza. Mtoto aliyezoea kusukuma mikungu mitatu mlimani, mpe baiskeli tupu uone. Kwenye kipande cha kupanda, mbele ya nyumba ya wageni, Avelina aliwapita wenzake mmoja mmoja mpaka akabaki na Winston peke yake. Mzunguko wa mwisho aliongoza. Akateremka kuelekea kona ya mashine ya kusaga, Winston akiwa ubavuni kwake, na kama alivyozoea, akakandamiza soli kwenye tairi.

Lakini siku hiyo nyuma hapakuwa na ndizi. Tairi jepesi lilirukaruka juu ya changarawe, likateleza upande. Avelina akamgonga Winston, na wote wawili wakaruka mpaka kwenye turubai la mnunuzi wa mazao, alikoanika maharage. Maharage yaliruka juu kiasi kwamba mengine hayajashuka hadi leo.

Walipoinuliwa, Winston alikuwa ameshika kiwiko, na goti la Avelina linavuja damu. Kofia ya Avelina ilikuwa imepasuka kutoka mbele hadi nyuma. Muuguzi aliyekuwa akimsafisha goti aliitazama, kisha akamwambia ashukuru, maana ufa ule ungekuwa kichwani.

Watazamaji nao walikwisha kata kesi. Walisema Winston ndiye aliyemkata mwenzake kwenye kona. Winston alikana, hakuna aliyemsikiliza. Mwalimu akatoa uamuzi: Winston amefutwa, na kwa kuwa Avelina aliangushwa akiwa anaongoza, nafasi ya Bukoba ni yake.

Watu wakashangilia. Avelina akapenya katikati yao.

"Mwalimu," akasema, "Winston hakunikata. Baiskeli yangu haina breki."

"Niliikagua mwenyewe."

"Nililizuia tairi kwa goti. Hili hili."

Mwalimu alimwomba Winston radhi mbele ya watu wote, akampa nafasi ile, na kumkataza Avelina kushindana mpaka baiskeli yake iwe na breki mbili zinazoshika. Winston alimsogelea, bado ameshika kiwiko.

"Ningekuwa mimi, ningenyamaza," akamwambia.

"Najua. Lakini mlimani nilikuacha."

Jioni, mama yake hakumgombeza. Alimfunga goti upya, akasema, "Mwanangu, breki mbovu fundi anaitengeneza. Ila ulipoificha, ulihatarisha maisha yako na ya mtoto wa mwenzangu. Leo umeanguka mara moja na umeinuka mara mbili: pale barabarani, na pale uliposema."

Mchana baada ya shule, Avelina akawa anamsafishia fundi minyororo, mpaka naye akamfungia breki mpya mbele na nyuma. Zilipokuja mbio nyingine kule Nyaishozi, aliruhusiwa, na alishinda kwa mbali sana. Wa pili alipofika, watu walikwisha kula na kunawa.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika, nikiwasomea wajukuu zangu barazani hadithi hii niliyoiandika, Avelina alipotokea kurudisha ungo wetu. Kumbe alikuwa amesimama nyuma yangu akisikiliza.

"Shikamoo babu. Nyaishozi nilikuwa wa nne."

"Marahaba. Lakini wa kwanza inapendeza zaidi kusomwa."

"Breki zilishika kila kona, babu, na nilifurahi. Iandike hivyo. Mimi nilikosa Bukoba kwa kusema kweli. Wewe unaogopa kukosa nini?"

Wajukuu wakanitazama kama wanavyomtazama mwizi wa kuku. Mke wangu Beata akaamua adhabu: aliniwekea mbele kikapu cha ebitoke na kisu, nimenye ndizi za chakula cha nyumba nzima, pale pale barazani, kazi ambayo wazee wenzangu wa kiume huku hawaonekani wakiifanya. Walipita wawili, wakasalimia taratibu sana.

Basi, alikuwa wa nne. Nimeukata kwa mstari uongo ule, nimeandika ukweli chini yake, na vidole vyangu bado ni vyeusi kwa utomvu.