Chungu cha Mwenyeji

Zamani hizo, bunduki zikiwa bado habari za kusimuliwa na wapita njia, watu wa Ighambo mlimani na watu wa Kiruveni bondeni walipigania ndiva moja, bwawa la kukingia maji ya mifereji. Walichomeana nyumba, wakanyang'anyana ng'ombe, wakazika vijana wao. Lakini kila mavuno yalipoingia ghalani vita vilisimama, na kilichovisimamisha kilikuwa vyungu.

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa Kiruveni walivunja vyungu vyote vya mwaka uliopita kabla ya kupika pombe ya ulezi mpya, na udongo wa kufinyangia ulikuwa Ighambo tu. Basi wanawake wafinyanzi walishuka na mizigo migongoni, kila chungu kimechomekwa mdomoni jani bichi la isale, alama ya amani, na hakuna askari aliyethubutu kuwagusa. Gulio lilikuwa sikukuu hasa: ngoma, magadi, majembe, shanga za pwani, watu wamejipaka mafuta wanang'aa. Wanaume wa Ighambo waliruhusiwa kuingia kama wachukuzi, na fimbo zao mkononi. Chuma chenye makali kilibaki nje ya lango.

Nanzia ndiye aliyekuwa mkuu wa wafinyanzi. Huko Kiruveni alifikia kila mwaka kwa Mkunde, mjane mmoja mcheshi aliyemtania tangu alfajiri mpaka usingizi umchukue. Na desturi ya gulio ilimpa mwenyeji haki yake: yeye huchagua chungu kabla ya watu wote, chochote atakacho, na mfinyanzi hawezi kumnyima. Bei ilikuwa chungu chenyewe. Mnunuzi alimimina nafaka yake mpaka kijae, mfinyanzi akaihamishia kapuni mwake, wakaagana.

Mwaka mmoja wa ukame, ndiva ikiwa mikononi mwa Kiruveni, Mcharo, jemadari wa Ighambo na mdogo wake Nanzia wa tumbo moja, alimjia dada yake akichoma vyungu. Akamweleza shauri lake. Vichwa vya mikuki vingeingia gulioni ndani ya vyungu vikubwa, vimefunikwa majani makavu. Askari wangeingia kama wachukuzi, wameshika fimbo zilizochongwa tayari kuvishwa chuma. Pombe ikishawalegeza wenyeji, wangemkamata mfumwa wa Kiruveni, yaani mtawala wao, na maji yangerudi Ighambo.

Nanzia alisema kwamba jani la isale halijapata kubebeshwa chuma tangu babu zao.

"Babu zetu walikuwa na maji, dada," Mcharo akamjibu. "Wewe nenda ukawaambie watoto wanaolamba tope kwamba jani halikubali."

Nanzia akainama, akachochea moto. Hakusema ndiyo. Lakini hapana pia hakuisema, na Mcharo akaondoka akijua amekubaliwa.

Gulioni alivipanga vyungu vile vya chuma nyuma kabisa, akavifunika kwa ngozi ya mbuzi. Wanunuzi wangeambiwa vina wenyewe. Hila hiyo ingetosha kwa mtu yeyote ila Mkunde, kwa kuwa Mkunde alipoiona ngozi alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema mwaka huu rafiki yake ameamua kumficha vyungu vizuri ili amwachie vibaya, na kwamba uchoyo wa watu wa mlimani anaujua. Nanzia akamwonyesha vyungu vya mbele, akavisifia, hata akamshika mkono. Kadiri alivyomvuta mbele ndivyo Mkunde alivyozidi kuamini kwamba uzuri uko nyuma. Akaivuta ngozi, akachagua kile kikubwa chenye nakshi ya mistari shingoni, akang'oa jani, akaanza kumimina ulezi bila kuchungulia ndani.

Kapu lake halijapungua nusu, chungu kikafurika.

Mkunde akatazama chungu, akatazama kapu. Akazamisha mkono ndani ya nafaka, akautoa kidole kikivuja damu. Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka usoni. Alifunga kidole kwa pindo la nguo, akaketi karibu na Nanzia, bega kwa bega, kama watu wanaopatana bei.

"Chungu chako kimeshiba kabla sijakilisha," alisema taratibu. "Vingapi viko hivi?"

"Vyote vya nyuma."

"Na mimi umekula kwangu jana."

Mkunde akatazama ngoma iliyokuwa ikizunguka uwanjani, na wanawe wawili walikuwa humo wakicheza.

"Sikiliza. Chukua wanawake wako, semeni mnakwenda kuteka maji. Mimi nitakaa hapa niwauzie vyungu vyenu. Mkishavuka lango nitapiga kelele."

"Ndugu yangu yumo humu, Mkunde."

"Najua. Na wangu wamo. Ukimwambia neno moja ataanza sasa hivi, na wa kwanza kuchomwa ni mimi niliyekaa juu ya mikuki yake. Basi chagua."

Nanzia akasimama. Aliwakusanya wenzake mmoja mmoja, mitungi kichwani, bila kueleza. Njia ya langoni ilipita penye mitungi ya pombe, na Mcharo alikuwa pale akiegemea fimbo yake.

"Dada, unaikimbia pombe?" alimtania. "Au umeshazeeka?"

"Nakwenda mtoni," Nanzia akasema.

"Usikawie basi."

Aliendelea kutembea. Walipokuwa wamevuka lango na kuanza kupanda, baragumu ikalia nyuma yao, kisha kelele za watu wengi. Hakugeuka. Mwanamke mmoja aliyegeuka alisimulia baadaye kwamba wachukuzi wa Ighambo walipigana kwa fimbo tupu kuuzunguka ule mzigo wa vyungu bila kuufikia, na kwamba Mcharo alianguka wa mwisho.

Ndiva ikabaki kwa Kiruveni. Mkunde alihukumiwa kwa kuwaachia wafinyanzi waende zao. Wanawe waliachwa wabaki, yeye akafukuzwa ng'ambo ya mto Ruvu, na habari zake zikaishia huko. Gulio halikukaa tena. Bondeni wakajifunza kupikia pombe kwenye mizinga ya miti, na mlimani wafinyanzi wakabaki na vyungu visivyo na wa kuvivunja.

Ighambo walitunga wimbo. Wimbo ulisema Kiruveni walivunja amani ya isale wakaua wachukuzi wasio na silaha, na Mcharo alikufa akiwalinda wanawake wakimbie. Watu waliupenda. Wafinyanzi waliojua mambo ya vyungu vya nyuma walikuwa wachache, wakanyamaza, wakafa. Nanzia alikuwa na miaka mingi ya kuusahihisha, na kila mavuno alijiambia mwaka huu atasema.

Alipokuwa mzee sana, mfumwa mpya wa Ighambo aliagiza ngoma kubwa ya kumkumbuka Mcharo. Wakaona si haki wimbo uanzishwe na mwingine na dada wa shujaa yu hai. Wakamvisha vikuku vya shaba, wakamshika mikono, wakamsimamisha katikati ya uwanja. Watu wakamngoja aanze.

Nanzia akawatazama. Kisha akaanzisha wimbo, nao wakaitikia.

Walisema sauti yake ilikuwa bado nzuri.