Riwaya ya Arobaini na Tatu

Saa mbili na nusu asubuhi mpishi alimkuta mwandishi ameinamia meza yake, mikono imeshapoa. Kikombe cha chai kilibaki nusu. Chini ya kikombe palikuwa na barua: "Macho yananisumbua. Riwaya hii hata sijui itaishaje. Mdogo wangu aimalize, jina lake likae kwenye jalada."

Kufika saa nne mpelelezi alikuwa na jibu.

"Ni sumu ya panya, na imetoka jikoni kwako," alimwambia mpishi. "Chai umepika wewe."

"Nimeipika, afande. Saa moja nikaiweka mezani, meza tupu, nikaenda kufua."

Askari alishatoa pingu. Mpishi alikuwa na watoto watatu na hakuna wa kumwachia.

Mama mpiga chapa, aliyemchapia marehemu kazi zake miaka ishirini na saba, alikaa kwenye kiti ambacho mpishi, pamoja na hofu yake yote, alikuwa amemvutia. Aliisoma barua mara mbili. Mdogo wa marehemu alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mwanangu," alimwambia mpelelezi, "marehemu hakuandika hii."

"Mwandiko si wake?"

"Unafanana. Lakini riwaya za upelelezi arobaini na mbili nimemchapia, na kila moja alianza kwa kuniletea sura ya mwisho. Alisema hafungi safari bila kujua aendako. Sura ya mwisho ya hii ninayo kabatini tangu mwezi jana."

Mdogo mtu alicheka. "Mama, uzee huo. Filamu zote tuliandika kuanzia mwanzo, mimi na yeye."

"Filamu, baba. Kwenye riwaya hakukuingiza."

Kicheko kikakatika. Mpelelezi akainua barua, akaonyesha duara la chai.

"Kikombe kiliwekwa kwenye meza tupu. Aliyeitia barua chini yake alikishika baada ya mpishi kutoka. Na barua yenyewe inamfaa mtu mmoja tu."

Mkono mzito ukamshika mama begani. Hakuthubutu kugeuka.

"Filamu thelathini," sauti ilisema juu ya kichwa chake, taratibu. "Nusu ya maneno ni yangu. Wanampongeza yeye, mimi wananiuliza kama ni dereva wake."

Askari akauondoa ule mkono, akaufunga pingu.

Mlangoni mtu yule akasimama. "Mama, kwenye hicho kitabu, muuaji ni nani?"

Miaka yote hiyo mama hakuwahi kumwambia mtu mwisho wa riwaya.

"Kitatoka," alisema. "Utakisoma."