Kidonda Chini ya Blauzi

Kila asubuhi mshonaji alijifungia bafuni kabla ya kukaa kwenye cherehani. Alibandua kitambaa cha jana kwenye titi la kushoto, akaweka kipya, kisha akajipulizia manukato.

Mumewe, fundi bomba, alimtania. "Mama watoto, siku hizi unanukia kama bibi harusi. Nani huyo anayekutia wazimu?"

Mke alicheka kidogo tu.

Uvimbe ulianza mwaka uliopita, mdogo kama punje ya harage. Sasa ulikuwa umepasuka, unatoa usaha. Hakumwambia mtu. Kitandani alimpa mumewe mgongo. Kila Ijumaa alisali Rozari ya Madonda Matakatifu ya Yesu, akiamini kunyamaza ndiyo sadaka yake.

Siku moja katekista wa mtaani, mama aliyewahi kuwa muuguzi, alikuja kujaribu gauni lake. Manukato hayakumdanganya. Akafunga mlango.

"Mdogo wangu, hebu nionyeshe."

Mshonaji alifungua vifungo. Katekista alitazama kidonda.

"Kwa nini hukwenda hospitali?"

"Yesu alikuwa na madonda matano. Mikono miwili, miguu miwili na ubavu. Na mimi nabeba langu."

"Hatuyaheshimu madonda yake kwa sababu maumivu ni mazuri," alisema katekista. "Tunayaheshimu kwa sababu yanatuonyesha alivyotupenda. Na alipofufuka hakuyaficha. Alimwambia Tomaso atie mkono wake ubavuni. Ukiyatafakari, mpelekee na la kwako, likiwa wazi. Halafu nenda katibiwe. Kwenda kwa daktari si kukosa imani."

"Mume wangu akiliona atanikimbia."

"Sijui atafanya nini. Lakini mwonyeshe."

Jioni alimwonyesha. Fundi bomba alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Na mimi nilikuwa natania," alisema. Akalia.

Hospitalini, baada ya vipimo, daktari hakuzungusha maneno. Saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. "Mngekuja uvimbe ukiwa mdogo, pengine tungeweza kuuondoa," alisema. Aliwapa dawa ya maumivu na ya kusafishia kidonda.

Fundi bomba alijifunza kuosha kidonda, polepole, kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Harufu ikapungua. Mshonaji akaanza kupata usingizi. Lakini siku moja, pamba mkononi, mume alisema, "Mwaka mzima. Mwaka mzima ulininyima nafasi ya kukusaidia."

Ijumaa hiyo mke alishika rozari, maneno yakakataa kutoka. Aliweza kusema jambo moja tu: "Yesu, tazama." Akarudia hilo hilo hadi mwisho.

Kesho yake alimwita mdogo wake wa kike, akafungua vifungo mbele yake.

"Tazama vizuri," alimwambia. "Usinihurumie. Nenda kapimwe."

Mdogo wake alitazama kwa muda mrefu. Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye foleni ya hospitali.