Mbege ya Kibosho Kando ya Themi

"Saba, unanisikia?"

"Nakusikia, Kituo."

"Sumu ipo hapo hapo. Mzee Lemburis asionje kitu!"

Redio ya Motorola ikakatika. Kandida, jasusi namba saba, akaichomeka kiunoni. Mzee Lemburis alikuwa ameshashuka kwenye Peugeot 504, amealikwa kutembelea vibanda. Yeye ndiye msuluhishi, na ilibaki saini moja tu vita vya nchi jirani viishe. Wauza silaha walimtaka awe maiti kabla ya kutia saini kesho.

Tangu serikali iruhusu biashara huria, nyuma ya viwanda vya Themi vilikuwa vimeota vibanda vya kuonjesha mvinyo na pombe za asili, vimejipanga kando ya mto. Alasiri ile Kandida alimshuku kila mtu. Mzungu mwenye Nikon shingoni, mbona hapigi picha? Violet, muuza mvinyo wa Dodoma, mbona mikono inamtetemeka?

Lakini Violet alijimiminia glasi, akaigugumia yote. Woga wa wageni wakubwa tu. Mzungu naye kumbe alikuwa anabadilisha filamu.

Mzee akasogea kibanda cha mwisho.

"Karibu, mzee wangu! Mbege ya kwetu Kibosho, pombe safi ya ndizi," alisema Abdiel, bwana mnene mwenye Rolex mpya. Akachota, akampa mzee kata kwa mikono miwili.

Kandida akaganda.

Weee! Yeye mwenyewe kazaliwa Kibosho. Kule mwenye pombe hunywa kwanza, mgeni aone haina kitu. Hata mlevi wa kutupwa hasahau. Huyu Mchagga wa wapi?

"Shikamoo mzee, samahani." Akaipokonya kata. "Kaka Abdiel, tangulia."

"Dada, mimi nimeokoka. Sinywi."

"Ukaokoka, ukapika mbege? Kunywa!"

Mkono wa Abdiel ukazama ndani ya koti.

Kandida akammwagia pombe usoni, akampiga goti la tumbo. Bastola ikaanguka matopeni. Abdiel hakuitazama hata kidogo. Alikuwa anajifuta midomo, anatema, analia.

"Maji! Nipeni maji, nakufa!"

"Kituo, nimempata. Leteni daktari haraka."

Mzee Lemburis alikuwa amekaa juu ya kreti.

"Mwanangu, hiyo kesho nitaifikia kweli?"

"Usiingoje, mzee. Wajumbe wa pande zote wako mjini. Kasaini leo."

Mzee akainuka. Kisha akaita gari limpeleke kwa wajumbe.

Daktari alipomchukua Abdiel, Kandida akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akashika njia ya Njiro kwa miguu.