Swali Ambalo Lucius Hakuuliza

Kila Jumamosi asubuhi mimi huosha sukuma wiki kwenye sinki, na kaka yangu Lucius hukaa mezani kunichokoza.

"Delphine, hayo majani umeyaosha mara tatu. Unataka yang'ae?"

"Kunywa kahawa yako, niache."

Jumamosi ile utani haukudumu. Saa moja na nusu ikapita. Saa mbili ikapita. Jonelle alikuwa hajarudi.

Jonelle ni binti wa Lucius. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka mitano, nikahamia kwao kumlea. Sasa ana miaka ishirini na saba. Anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Ijumaa huondoka jioni, na Jumamosi saa moja asubuhi yuko mlangoni akivua viatu. Ana kifafa. Humeza kidonge saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Akikosa siku nzima, anaanguka. Nimewahi kumwona akianguka, na sitaki kuona tena.

Nilipiga simu yake. Imezimwa. Nikapiga kazini kwake.

"Jonelle? Hakuja jana," msimamizi alisema. "Ila mpishi wetu aliona gari lake jana jioni, kando ya barabara. Askari walikuwa wamesimama nyuma yake."

Nilimwambia Lucius. Alisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka.

"Jela," alisema. "Naenda."

Hapa kwetu Kaunti ya Harlow ukisema jela, hakuna anayeuliza ipi. Ni lile jengo la matofali nyuma ya tangi la maji. Lucius alitoka bila kofia, na Lucius hatoki bila kofia hata kwenda kutupa takataka.

Nikabaki nazunguka jikoni. Chupa ya vidonge ilikuwa rafuni, inanitazama. Nikashika simu nikaandika jina la Jonelle. Tovuti ya kwanza ilijitangaza kwa maandishi makubwa: rekodi zote za kukamatwa, papo hapo! Ikaomba namba ya kadi ya benki. Nami, mjinga wa mwisho, nikaiweka.

Picha ya Jonelle ikatokea. Macho mekundu, nywele hovyo. Moyo ulinipasuka. Kisha nikaona tarehe. Miaka minne iliyopita! Ile kesi hakimu aliifuta. Mtoto alikuwa amepewa lifti tu kwenye gari la watu wenye mambo yao. Kumbe bado kuna watu wanaiuza picha ile.

Lucius alirudi saa nne kasoro.

"Hayupo."

"Umeulizaje?"

"Nimeuliza, Jonelle Goolsby yupo hapa? Yule askari akatazama kompyuta, akasema hayupo. Nimepita na hospitali. Hayupo. Sijui labda mtoni..."

"Usinitajie mto!" nilimfokea. "Twende kwa Bi Imogene. Sasa hivi."

Bi Imogene ni jirani yetu. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja. Tulimkuta kibarazani akipukuchua kunde, bakuli mapajani. Nilimwambia yote kwa pumzi moja.

"Kaeni," alisema.

"Hatukai."

"Basi simameni, lakini mnisikilize. Nani alimkamata? Askari wa mji, wa sherifu, au wa jimbo?"

"Askari ni askari," Lucius alisema.

"Si kweli. Ila una bahati, kwa sababu mji wetu hauna jela. Yeyote akimkamata mtu ndani ya kaunti hii, anampeleka kwa sherifu, kwenye ile jela yake ya kaunti. Huko anaandikishwa. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kosa, saa aliyoingizwa, dhamana. Na hiyo kumbukumbu ni ya umma. Huulizwi unaitakia nini, na kuisoma ni bure."

"Mimi nimelipa," nilisema kwa aibu. Nikamwonyesha ile tovuti.

Bi Imogene alisonya. "Hawa ni wachuuzi, Delphine. Wanachukua picha za sherifu, wanakuuzia wewe. Kesi ikifutwa, wao haiwahusu. Kukamatwa si kuhukumiwa. Ukitaka kujua kesi iliishaje, nenda kwa karani wa mahakama. Na leo hii piga simu benki wafunge hiyo kadi."

"Bi Imogene, mtoto hajameza dawa tangu jana asubuhi!" Lucius alisema. Sauti yake ilikuwa inakatika.

"Ndiyo maana tunafanya haraka, ila kwa mpango. Lete simu."

Alifungua ukurasa wa ofisi ya sherifu. Alisisitiza tuhakikishe kwamba anwani iliyo juu kabisa ni ya kaunti yenyewe. Kulikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya waliomo jela sasa. Jonelle hakuwemo.

"Yule askari alikujibu kutoka hapa," Bi Imogene alimwambia Lucius. "Sasa tazama ya pili. Hii ni ya wote walioandikishwa siku tatu zilizopita. Majina mengine huchukua saa kadhaa kutokea, kwa hiyo usipoona, unarudi tena."

Aliandika jina la ukoo. Tukaona.

Goolsby, Jonelle. Ameingizwa Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Kosa: kutofika mahakamani. Ameondoka: Jumamosi, saa tatu asubuhi.

"Ameondoka!" Lucius aliruka. "Wamemwachia! Yuko njiani!"

"Taratibu. Ameondoka kwenye jengo. Hapa hapajasema ameenda kwake. Delphine, piga namba ya jela. Usiulize kama yupo. Uliza: mlimwandikisha nyinyi? Na mmempeleka wapi? Taja jina kamili na tarehe ya kuzaliwa."

Nilipiga. Nikauliza vilevile kama nilivyofundishwa.

"Goolsby, ndiyo, tulimwandikisha," askari alijibu. "Yuko Kaunti ya Pickard, mama. Wanawake wote tunawapeleka kule tangu bomba lipasuke Januari. Hatuna tena sehemu ya wanawake."

Lucius alininyang'anya simu. "Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Ni wewe, mzee? Uliniuliza kama yupo. Hakuwepo."

Lucius alifumba macho. Nilidhani ataivunja simu yangu.

"Pigeni Pickard," Bi Imogene alisema. "Msianze hadithi. Ombeni nesi."

Nesi alikuja baada ya dakika sita. Nilizihesabu. Nilimtajia jina, ugonjwa, dawa na saa za kumeza.

"Alituambia ana kifafa," nesi alisema. "Ila duka lake la dawa halijathibitisha, simu yao haipokelewi. Leteni chupa yenye lebo, yenye jina lake. Vidonge vya kwenye mfuko sivipokei."

Nilikimbia kuichukua. Lucius aliondoka na pikapu yake kama nyumba inaungua. Ni mwendo wa karibu saa moja hadi Pickard. Mimi nilirudi jikoni. Nikakaa, nikainuka. Nikafungua mlango, nikafunga. Nikaosha sukuma wiki mara ya nne.

Saa nane kasoro simu ikalia.

"Amemeza," Lucius alisema. "Nesi ametoka kuniambia. Amemeza."

Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa sauti.

Jumatatu hakimu alimwachia Jonelle kwa kutia sahihi tu, bila dhamana ya pesa. Kosa la awali lilikuwa taa ya nyuma ya gari isiyowaka. Barua ya kumwita mahakamani ilikwenda nyumba tuliyohama zamani. Jioni tulikula wote mezani, na Bi Imogene alikuja na kunde zake.

"Niliwapigia Ijumaa, simu ya nyumbani," Jonelle alisema. "Mara mbili. Simu ya jela inaanza na mashine. Inakwambia unapigiwa kutoka jela, ubonyeze namba ukikubali. Mlikata kabla haijamaliza."

Lucius alitazama sahani yake. Yeye hukata simu zote za mashine. "Nilidhani ni wale watu wa kuuza bima," alisema.

"Najua, baba. Na Jumamosi nilikuona. Walikuwa wametupakia kwenye gari la jela, nyuma ya uzio. Ulitoka mlangoni bila kofia. Niligonga kioo kwa pingu. Niligonga sana. Ukapanda pikapu yako ukaondoka."

Bi Imogene aliweka uma chini. Lucius alinyoosha mkono akashika kifundo cha mkono wa mwanawe, pale palipokuwa na alama ya pingu, akakishika muda mrefu. Chakula kilipoa.

Kisha aliinuka akatafuta boksi tupu na kalamu nene. Alikata kipande, akaandika: MLIMWANDIKISHA? MMEMPELEKA WAPI? Chini yake akaandika namba za jela za kaunti nne zinazotuzunguka. Akakibandika ukutani juu ya simu. Akaandika kingine, Jumapili akakipeleka kanisani. Mwezi uliopita mama mmoja wa kwaya alikisoma pale mlangoni mwa kanisa, na akampata mumewe kwa dakika ishirini, kwenye jela ya tatu aliyoipigia.

Siku hizi simu ya nyumbani ikilia, na mashine ikaanza kuongea, Lucius husimama. Hutuashiria tunyamaze wote. Husikiliza hadi neno la mwisho, kalamu mkononi. Mara nyingi huwa ni wale watu wa bima.